Zabibu, Chachu na Kazi ya Kutengeneza Divai: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, na ndugu zangu vijana wa Tanga, nawashukuru kwa kuujaza ukumbi huu. Natambua kwamba wengi mliopo hapa dini imewakataza kinywaji nitakachokizungumzia, yaani divai, nami sikuja kumshawishi yeyote akionje. Nimekuja kueleza namna kinavyotengenezwa, kwa kuwa zabibu zake zinalimwa katika nchi yetu, na maarifa yake ni sehemu ya elimu ya kilimo na kemia.

Nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Tembo la mnazi likishushwa asubuhi huwa tamu, jioni limekwisha kuwa kali, na likiachwa siku kadhaa hugeuka siki, bila ya mtu kulitia kitu chochote. Maji ya zabibu nayo hupita njia hiyo hiyo. Yakiachwa wazi mwisho wake ni siki, na ustadi wote wa mtengenezaji wa divai ni kuyasimamisha katikati ya njia na kuyazuia yasiendelee.

Anayeianzisha safari hiyo ni chachu, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, wa jamii ile ile ya hamira inayoumua maandazi yetu. Chachu hula sukari ya zabibu na kutoa vitu viwili, kileo na hewa ya kaboni dioksidi, kwa uzito unaokaribia kulingana, hivi kwamba karibu nusu ya sukari yote aliyoihangaikia mkulima hupotea hewani. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini ya vyumba vya mapipa, na imewaua wafanyakazi walioingia humo bila tahadhari. Kwa hesabu ya jumla, gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Maji yenye gramu 200 kwa lita yatatoa divai ya takribani asilimia 12.

Wengi hudhani kwamba divai nyekundu hutokana na maji mekundu. Ukweli ni kwamba zabibu nyeusi nyingi zina maji yasiyo na rangi, na wekundu wote umo katika maganda. Kwa divai nyeupe, zabibu hukamuliwa mara moja na maganda kutengwa kabla chachu haijaanza kazi. Kwa divai nyekundu, zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda na mbegu zake, ambamo hutoka rangi pamoja na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Maganda husukumwa juu na hewa inayotoka na kufanya tabaka nene, ambalo ni lazima lizamishwe mara kadhaa kwa siku; likikauka, bakteria wa siki hupata makao. Joto nalo huchungwa, kwa maana likipita nyuzi 35 chachu huanza kufa kabla sukari haijaisha.

Uchachukaji ukishakoma, adui anayebaki ni hewa. Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyechapisha utafiti wake juu ya divai mwaka 1866, alionyesha kwamba magonjwa ya divai huletwa na vijidudu, si mkosi. Kwa sababu hiyo mapipa hujazwa mpaka juu ili hewa ya nje isivifikie, mashapo hutengwa, na salfa kidogo hutiwa ili kuvizuia.

Mtaniuliza kwa nini zabibu hizi hazitoki Tanga. Unyevu wa pwani yetu huzaa ukungu kwenye majani na matunda, ilhali Dodoma, iliyo kwenye takribani mita 1,100 juu ya bahari, ina kiangazi kirefu kikavu. Huko mzabibu haupati baridi ya kuulaza kama Ulaya, hivyo mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa kuupogoa, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Udhaifu wa biashara hiyo, kwa maoni yangu, hauko shambani. Zabibu iliyoiva haingoji mnunuzi, na asiye na kiwanda karibu hulazimika kupokea bei yoyote anayotajiwa. Wakulima wanaokamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa, kwenye matangi wameanza kutoka katika shida hiyo, kwa sababu mchuzi uliohifadhiwa vyema unaweza kusubiri miezi.