Mafuta ya Nazi Katika Sufuria Zetu

Mabibi na mabwana, naomba mwitazame chupa hii. Nilipoichukua nyumbani alfajiri, mafuta yaliyomo yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Sasa, baada ya kushikwashikwa, yameanza kuyeyuka pembeni. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na usiku wa Kampala huwa na baridi kuliko hapo. Huganda upesi namna hii kwa sababu zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yaliyojaa (saturated), yale yanayoganda kirahisi, kiwango ambacho hata siagi haikifikii.

Hata hivyo, yanauzwa kama dawa ya moyo na ya kupunguza unene. Wauzaji husema kwamba asidi zake za mafuta, yaani minyororo ya kaboni inayoyaunda, ni fupi, na kwamba ini huzichoma mara moja. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wa kuazima: majaribio yaliyoizaa yalitumia mafuta maalumu ya kiwandani yenye asidi za kaboni 8 na 10, ilhali karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo kwa sehemu kubwa mwili huipokea kama mafuta mengine marefu. Mwaka 2020 jarida la tiba ya moyo, Circulation, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16, na ikaonekana kwamba mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya (LDL), ile inayoziba mishipa, zaidi ya mafuta ya mimea isiyo ya kitropiki kama alizeti. Ile nzuri nayo hupanda kidogo, lakini kupanda huko hakujathibitika kuukinga moyo.

Mtaniuliza, mbona watu wa Pwani wamekula nazi tangu enzi za mababu? Wao hupikia tui, wakala na samaki na mboga. Sijamwona bibi wa Mombasa akinywa mafuta kwa kijiko.

Hebu tupige hesabu. Kijiko kimoja cha mezani kina gramu 12 hivi za mafuta yaliyojaa, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 22 kwa anayekula kilokalori 2,000. Vijiko viwili tu vimekwisha kupita mpaka, kabla ya nyama na maziwa. Mafuta ya simsim ya Acholi, kaskazini mwa Uganda, yana asilimia 15 hivi tu ya mafuta yaliyojaa, na hayajasafiri kutoka baharini.

Anayependa harufu yake atie kijiko cha chai kwenye samaki wake. Chupa hii, kwa upande wangu, inarudi ilikotoka: kwenye meza ya vipodozi ya mke wangu.