Ukuta wa mita 2 uliozuia boti Birmingham

Habari zenu jamani, karibuni. Hapa niliposimama ni Gas Street Basin, katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza. Tazameni: maji kushoto, maji kulia, na mimi niko juu ya ukuta wenye upana wa kama mita 2 tu. Unaitwa Worcester Bar. Huu upande ni mfereji wa Birmingham, kazi ya mhandisi James Brindley, ulioanza kuingiza makaa ya mawe mjini mwaka 1769. Ule ni mfereji wa Worcester, unaoteremka hadi mto Severn, na kwa mto huo mzigo ulikuwa unafika Bristol, kwenye meli.

Mbona hawakuiunganisha? Tatizo ni maji, ndugu zangu. Birmingham iko mwinukoni na haina mto mkubwa. Boti ikishuka kwenye malango ya mfereji, yaani vyumba vya maji vinavyoipandisha na kuishusha kama ngazi, inateremka na maji ya chumba kizima, maelfu na maelfu ya lita, na hayarudi yenyewe. Ndiyo maana mwaka 1779 kule Smethwick waliwasha mashine ya mvuke ya Boulton na Watt, kazi yake kuyapandisha tena maji juu. Kampuni ya mfereji wa Birmingham, iliyogharamika hivyo, haikutaka jirani aje kuyanyonya. Basi sheria ya mwaka 1791 iliyoruhusu mfereji wa Worcester ikaja na sharti: usiukaribie ule wa Birmingham kwa chini ya futi 7, kama mita 2.

Matokeo yake ndiyo haya. Kuanzia 1795 boti zilifika hapa zikakwama. Mzigo ukashushwa, ukavushwa juu ya ukuta huu kwa nguvu za watu, ukapakiwa upya kwenye boti ya upande wa pili. Miaka 20! Brindley anasifiwa, na anastahili, lakini mimi wanaoniuma ni hao wabebaji. Hofu ya wenye hisa waliilipia kwa migongo yao.

Mwaka 1815 kampuni zilikubaliana, ukuta ukatobolewa, likawekwa lango. Lile pale, boti inapita sasa hivi, haisimami hata kidogo. Mwaka huohuo mfereji wa Worcester ukakamilika, malango 58, 30 kati yake yakifuatana pale Tardebigge.

Ninyi wa Moshi, mliokulia kwenye mifereji ya mlimani, niandikieni: kwenu zamu za maji zinapangwaje, na anayemzibia mwenzake maji anafanywa nini?