Kibong'oto, Dirisha na Dozi

Asanteni. Mwenyekiti ametangaza kwamba nitazungumzia historia ya Hospitali ya Kibong'oto. Nitazungumzia, ila walionisikiliza siku za nyuma wanajua kwamba nitaishia kwenye madirisha, kwa hiyo ni bora tuelekee huko mapema.

Tarehe mnazo. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Tanganyika inafungua sanatoria, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa kifua kikuu muda mrefu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Siha. Miaka ya 1930 Charles Wilcocks, daktari wa serikali, anafanya utafiti wake wa kifua kikuu nchini, ripoti yake inatoka 1938. Leo ni Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi. Hayo yako kwenye kila kipeperushi, sitayarudia.

Nikishataja 1926, hakosekani mtu wa kunyoosha mkono: "Walijenga kule kwa ajili ya hewa safi ya mlimani, na ile hewa ilikuwa inaponya." Jamani, haikuponya mtu. Sanatoria za zama zile, ziwe Uswisi au Kilimanjaro, zilikuwa na kitanda, maziwa, mayai, jua na subira. Aliyekuwa na kinga nzuri vidonda vya mapafu vilijifunga, na mlima ukapewa sifa. Aliyekufa, mlima haukulaumiwa.

Dawa haikuwepo, kwa hiyo katika sanatoria nyingi duniani walihangaika na pafu lenyewe. Sindano inapitishwa katikati ya mbavu, hewa inaingizwa nje ya pafu, pafu linasinyaa ili tundu la ugonjwa lijifunge. Tatizo ni kwamba mwili huifyonza ile hewa. Baada ya wiki moja au mbili mgonjwa anarudi kujazwa tena, kama tairi yenye pancha ya polepole, na hivyo hivyo miaka miwili, mitatu. Ukikosea sindano unapeleka hewa kwenye mshipa wa damu, na hapo hakuna mjadala tena.

Hoja ya mlima ilizikwa India. Mji wa Madras, ambao leo ni Chennai, una joto na nyumba zake zimebanana. Watafiti waliwagawa wagonjwa makundi mawili: wengine sanatoria, na chakula kizuri na mapumziko, wengine nyumbani kwao kwenye umaskini ule ule. Wote wakapewa dawa mbili za kifua kikuu, isoniazidi na PAS, kwa mwaka mmoja. Matokeo yakatoka 1959: kupona kulikaribiana. Na ndugu waliokaa na mgonjwa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa, maana hatari kubwa ilikuwa imeshapita kabla hajaanza dawa.

Haya. Sasa msiruke kusema wajenzi wa zamani walikuwa wajinga. Sababu yao haikuwa sahihi, jengo lao likawa sahihi! Walitaka hewa imponye mgonjwa, wakajenga wodi zenye dari refu, madirisha makubwa pande mbili, na veranda. Mgonjwa hakuponywa na hewa hiyo, ila muuguzi aliyesimama pembeni yake alikingwa nayo. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Lima, Peru, uliopima hewa kwenye vyumba vya hospitali. Madirisha na milango ikiwa wazi, majengo ya kabla ya 1950 yalibadilisha hewa takriban mara 40 kwa saa. Yale mapya zaidi mara 17. Vyumba vya mashine, vyenye bei yake, vilikadiriwa mara 12. Mzee mwenye dari refu amewashinda wote, bila umeme.

Tufanye hesabu, wenye simu zitoeni. Chukua 0.65, zidisha kwa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa eneo la uwazi ulio mdogo zaidi kwa mita za mraba, zidisha kwa 3,600, gawanya kwa ujazo wa chumba. Chumba cha mita 10 kwa 6, urefu mita 3, ni mita za ujazo 180. Upepo wa nusu mita kwa sekunde, ambao hauzimi hata kibiriti vizuri. Uwazi mita 2 za mraba kila upande. Unapata mara 13 kwa saa. Kiwango tunachotaka kwenye chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu ni 12. Mmefaulu.

Sasa anakuja fundi na madirisha ya alminiamu ya kuteleza. Kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo hata ukifungua mpaka mwisho, nusu ya dirisha imeziba. Uwazi umekuwa mita 1, hewa inabadilika mara 6 na nusu. Weka wavu wa mbu ambao haujaoshwa tangu uzinduzi. Weka pazia zito la msaada wa wafadhili. Funga mlango wa upande wa pili kwa sababu stoo imejaa na maboksi yamepangwa pale. Hesabu inachukua uwazi mdogo kuliko wote, na mdogo kuliko wote sasa ni sifuri. Dirisha la upande mmoja peke yake si upepo, ni mwanga.

Najua mtakachosema. "Julai huko Sanya Juu, wilayani Siha, kuna baridi, wagonjwa watapata nimonia." Mpe blanketi la pili, mpe soksi. Hakuna bakteria aliyezaliwa na baridi. "Mbu je?" Chandarua ni cha kitanda, si cha kuzibia dirisha. "Wezi?" Nondo. "Tutaweka kiyoyozi." Kile cha ukutani kinachukua hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha humo humo. Umempoza bakteria, basi. Feni nayo inakoroga tu hewa iliyopo. Iwashe dirisha likiwa wazi, itasaidia.

Na hamhitaji mtaalamu kutoka Dar kuja kupima. Washa kijiti cha udi, simama mahali anapokaa mgonjwa, angalia moshi unaelekea wapi. Ukienda kwa muuguzi, hamisha kiti cha muuguzi. Upepo utoke mgongoni kwa mhudumu, umpite mgonjwa, utoke nje. Ukibadilika mchana, meza nayo inahama. Ukizunguka hapo hapo bila kutoka, kliniki ya kikohozi ihamie chini ya mti.

Mwenyekiti ananionyesha dakika kumi. Dozi, basi.

Dawa ya streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza, matokeo ya 1948 yalionyesha wagonjwa wanapata nafuu kubwa miezi ya mwanzo, kisha wengi dawa ikagoma. Dawa moja peke yake inaua bakteria dhaifu na kuwaachia shamba walio sugu. Kuanzia hapo ni mchanganyiko. Matibabu yalikuwa mwaka na nusu, mpaka majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa 1972, yakaonyesha kwamba ukiongeza dawa ya rifampisini miezi sita inatosha. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Karel Styblo, daktari bingwa wa kifua kikuu, alijengea hapa utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990: pima makohozi, meza dawa mbele ya msimamizi, andika kwenye rejesta, fuatilia. Utaratibu huo umetoka kwetu ukaenda duniani, na watu hapa wanadhani tuliletewa.

Kwa hiyo vitanda vya Kibong'oto vilipungukiwa kazi ile ya kale. Vikapata nyingine 2009, yalipoanza pale matibabu ya kifua kikuu sugu. Wakati ule ilikuwa karibu miaka miwili, na sindano za miezi kadhaa ambazo baadhi ya watu ziliwaondolea usikivu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpangilio wa miezi sita wa vidonge tu, bila sindano, wenye dawa ya bedakwilini ndani.

Usugu unatengenezwaje? Kwenye karatasi ya kliniki. Kidonge chenye dawa nne ndani kinatolewa kwa uzito, na jedwali lililotumika miaka mingi lilikuwa hivi: kilo 30 hadi 39 vidonge 2, 40 hadi 54 vidonge 3, 55 hadi 70 vidonge 4, zaidi ya hapo 5. Mgonjwa anaanza na kilo 38. Mwezi wa pili amenenepa, ana 43, mzani umesogezwa stoo, bado anameza 2. Mwingine ameona mkojo wa rangi ya chungwa, hakuna aliyemwambia ni rifampisini, ameacha. Mwingine kikohozi kimekata wiki ya tatu, amerudi shamba.

Makohozi: kopo lenye mdomo mpana, jina uliandike ubavuni, si kwenye kifuniko, maana maabara vifuniko vinabadilishana. Akoholee nje, si chooni. Mililita 3 hadi 5, na mate si makohozi.

Wachimbaji wa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, nilitaka niwape nusu saa, sina. Vumbi la mwamba linaharibu pafu moja kwa moja na kulifungulia mlango kifua kikuu. Tindua ukiwa na maji, na picha ya kifua isikufanye uache kupima makohozi. Watoto nimewaruka kabisa.

Maswali. Na huyo wa nyuma, kabla hujauliza, hebu sukuma dirisha hilo.