Dagaa wa Kigoma ni wa Wote, Jina la Pakiti ni la Nani?

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu, habari za asubuhi. Nawashukuru wafanyabiashara wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza.

Nimepita kwenye meza mlizopanga bidhaa pale nyuma. Kuna mawese, sabuni za mawese, dagaa wakavu, kahawa ya Kalinzi, asali. Kazi nzuri, na vifungashio vinapendeza. Ila nimesoma lebo, na nyingi zimebeba maneno yale yale: "Mawese Safi ya Kigoma", "Dagaa Bora wa Kigoma". Hapo ndipo nataka tukae.

Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inalinda alama inayoitofautisha bidhaa yako na ya mwenzako. Sasa, dagaa ni bidhaa yenyewe. Bora ni sifa ambayo kila muuzaji ana haki ya kuitaja. Kigoma ni kwetu sote. Ukimpelekea Msajili wa alama za biashara maneno hayo matupu atayakataa, na mimi nasema ni haki ayakatae. Angemmilikisha mtu mmoja "dagaa wa Kigoma", wavuvi wa Katonga wangeuza kwa idhini ya nani?

Kwa hiyo andikeni Kigoma kwenye pakiti, tena kwa herufi kubwa, maana jina hilo linauza mpaka Dar es Salaam. Lakini pawepo na jina lako mwenyewe: neno ulilobuni, au neno la kawaida lisilohusiana kabisa na bidhaa. Sabuni ukiiita "Povu Jingi" umeieleza sabuni tu. Ukiipa jina la ndege, tayari una kitu cha kutetea. Vijana wa matangazo watawashauri jina lieleze bidhaa papo hapo. Kwa mauzo ya wiki ya kwanza labda, lakini siku ya kumdai mwigaji jina la namna hiyo litawaangusha.

Jambo la pili, nalisikia kila ninapokwenda: "Mimi nimeshasajili BRELA." BRELA ni wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, lakini Mama, ulichosajili ni jina la biashara. Ofisi ni moja, daftari ni mbalimbali. Cheti kile kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina lipi. Hakikupi uwezo wa kumzuia mtu asibandike jina hilo kwenye chupa zake. Wala TIN, namba ya mlipakodi, haikupi, wala leseni ya halmashauri. Nembo ya TBS, shirika la viwango, nayo ni habari ya ubora.

Kusajili alama kunafanyika kwa mtandao wa BRELA, na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, unayo. Kwanza tafuta kama kuna alama inayofanana na yako, na mfanano wa matamshi nao unahesabika. Kisha chagua daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma ambamo alama yako italindwa. Madaraja yapo 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Anayekamua mawese ya kupikia na kutengeneza sabuni humo humo asikilize vizuri: mafuta ya kula yako daraja la 29 pamoja na dagaa wakavu, sabuni iko daraja la 3. Ukisajili moja, nyingine imebaki nje. Asali na kahawa ziko la 30. Msajili akikubali, alama inatangazwa kwenye jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili unadumu miaka 7, halafu unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na aliyekuchorea nembo akusainie karatasi kwamba amekukabidhi haki ya mchoro.

Sisi wa ziwani tuna la ziada. Cheti cha BRELA kinaishia Tanzania Bara. Hata Zanzibar wana ofisi yao, BPRA. Mzigo unaoshuka Bujumbura, Uvira au Kalemie uko chini ya sheria za huko, na mtu wa huko anaweza kuwahi kulisajili jina lako. Mteja wako mkubwa akiwa ng'ambo, usajili wa ng'ambo uingie kwenye bajeti kabla hujaongeza shehena.

Ukikuta bidhaa bandia yenye alama yako, usiende kugombana dukani. Nunua moja, dai risiti, piga picha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ina mamlaka ya kukamata mali bandia. Mahakama ipo pia. Asiyesajili naye hakufungiwa mlango kabisa, lakini itambidi athibitishe kwamba wateja wanalijua jina hilo kuwa lake na kwamba wamedanganywa. Ni kazi ndefu na ya gharama, na nimewaona wenye haki wakichoka njiani. Tunzeni ankara na lebo za zamani.

Kompyuta iko wazi hapa mbele. Mwenye pakiti aje nayo tutafute jina lake sasa hivi, tukianza na akina mama wa mawese kutoka Simbo, maana wana gari la kuwahi.