Kengele Inapata Wapi Habari Zake?

Watu wengi huuliza: rubani atajuaje kwamba kengele ya onyo ndani ya ndege inadanganya? Tuligeuze swali: kengele hiyo inapata wapi habari zake?

Tuitazame safari ya Aeroperú 603, ndege ya Boeing 757 iliyoruka kutoka Lima kwenda Santiago usiku wa 2 Oktoba 1996. Ilikuwa imeoshwa, na mkanda wa gundi ulioziba vitundu vya hewa ubavuni haukubanduliwa. Vitundu hivyo hupokea mgandamizo wa hewa ya nje, na altimita (kipima-kimo) na kipima-spidi vyote huvitegemea. Ndege ikishuka hali vimezibwa, hewa iliyonaswa ndani ni ile nyepesi ya huko juu. Kwa hiyo kimo kinasomeka kikubwa kuliko kilivyo, na spidi vilevile.

Ndiyo maana marubani wale walipata kwa pamoja kengele ya mwendo kupita kiasi na usukani unaotetemeka, ambao huonya kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege. Kengele ililishwa na vitundu vilivyozibwa. Usukani ulilishwa na vipima-pembe vya upepo, ambavyo havina haja na vitundu hivyo. Wao wakapunguza nguvu ya injini.

Wakawauliza waongozaji wa ndege wa Lima kimo chao, wakajibiwa futi 9,700. Hapo ndipo pachungu: mwongozaji alisoma namba iliyotumwa na transponda (kifaa kinachoirushia rada kimo cha ndege) ya ndege hiyohiyo. Shahidi wa pili alikuwa yuleyule wa kwanza! (Spidi ya ardhini, iliyopimwa na rada yenyewe, ilikuwa ya kuaminika.) Sauti ya kuonya ardhi iko karibu nayo ililia. Hiyo husikiliza altimita ya redio, inayopiga mawimbi chini na kupima yanavyorudi. Ndege iligonga bahari altimita ya kawaida ikionyesha karibu futi 9,700. Watu 70 walikufa.

Leo, spidi ikitiliwa shaka kwenye ndege ya Boeing 737NG, rubani huanza kwa kuzima rubani otomatiki, kisha kidhibiti otomatiki cha injini, kisha mistari ya mwongozo kwenye skrini. Flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) zikiwa ndani, pua huwekwa nyuzi 4 juu na injini asilimia 75 ya N1, yaani kasi ya mzunguko wa feni ya injini. Zikiwa nje, nyuzi 10 na asilimia 80. Vipimo hivi ni vya kutuliza ndege tu, halafu hufunguliwa majedwali ya uzito na kimo. Kuzima mistari ya mwongozo ndiko husahaulika, nayo inaendelea kuamini spidi ya uongo na kumwelekeza rubani huko huko.