Hakuna anayekata utepe wa mfereji uliozibuliwa

Mheshimiwa diwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya vipaumbele vya halmashauri zetu hapa Dar es Salaam. Walionisikia siku za nyuma wanajua naanzia wapi, na naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Naanzia kwenye mfereji.

Kuna mtaa mmoja, siutaji kwa sababu mwenyekiti wake yumo humu, ulijengewa mfereji wa zege wa maji ya mvua. Mfereji umenyooka, una mifuniko, kila kitu. Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, ngoma na keki. Ndiyo, keki ya mfereji! Tuliila. Vuli ikaja, maji yakapita vizuri. Ilipofika masika maji yakapita barabarani, maana ndani ya mfereji mlishajaa mchanga, chupa, pampasi na nusu ya godoro. Nusu nyingine mpaka leo haijulikani ilipo.

Wakazi hawakukaa kulalamika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, walishuka na makoleo wakazoa tope lote, wakalirundika pembeni lisubiri gari. Haya, nimalizie au mtamalizia wenyewe? Gari halikuja, mvua ikaja, na tope likarudi mlemle lilimotoka, limepumzika vizuri.

Nikaenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ikaniambia, kwa heshima zote, mzee, huo mfereji ni wa watu wa barabara. Ni kweli, tangu mwaka 2017 barabara zetu za mitaani ziko chini ya Tarura, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Nikaenda kwa watu wa barabara, wakasema sisi tunajenga, taka ni za manispaa. Na yale maji meusi yenye harufu? Hayo kawaone watu wa majitaka. Kwa hiyo mfereji una mwenyewe, taka zilizomo zina mwenyewe mwingine, maji nayo yana wa tatu. Mbu ndio wetu sisi.

Sasa nisikilizeni. Wote hao wakikaa kwenye bajeti wana fungu la kujenga. Fungu la kuzibua ukiliulizia, watu wanaangaliana. Halmashauri inayojenga bila kutenga hela ya matunzo ni kama mtu aliyenunua daladala akasahau kuwa ina matairi. Na sababu mnaijua: kuzibua hakuna utepe. Sijawahi kuona mgeni rasmi akija kuzindua mfereji uliozibuliwa.

Kuna mtu hapo ananong'ona kwamba wananchi wenyewe wachafu. Hilo nimelisikia tangu nikiwa bwana afya kijana, na limenichosha. Mchukue mama wa Tandale, chumba kimoja, watoto wanne. Ada ya taka kalipa. Gari lilikuwa lipite Jumanne, halikupita. Ijumaa kiroba kimeingia funza, na mvua inaanza saa nane usiku. Unataka akilaze kitandani? Anakitosa kwenye mfereji. Wewe ungefanya nini? Jirani yake wakati huohuo anatapisha choo, yaani anafungulia kinyesi kiende na maji ya mvua. Huyo wa kutapisha choo simtetei hata kidogo, sheria ndogo zipo, apigwe faini. Kipindupindu cha Agosti 2015 kililipuka humuhumu jijini, sote tulikuwepo. Lakini gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye kichochoro ambacho hata jeneza linapita kwa kuinamishwa. Mwenye kumpiga faini aje pia na jibu la hilo.

Na kwa nini gari la taka halikupita? Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 5,383,728, na dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Toka Bunju na tipa limejaa, pita foleni zote hizo, mwaga, rudi. Gari lililopangiwa tripu tatu linapiga moja. Mkandarasi naye ana hesabu zake, atatangulia kwenye hoteli na maduka, uswahilini baadaye. Simlaumu, ni mfanyabiashara. Namlaumu aliyemsainisha mkataba usiosema gari lisipopita anakatwa nini.

Wanaodhani mwananchi hana ubavu wawaulize wazee wa Tabata. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kuwamwagia taka mlangoni, na wakashinda. Dampo likaja kuhamia Vingunguti, likaenda Mtoni, likaishia Pugu.

Dawa yetu nyingine ni kubadilisha majina. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na 1978 zile za mijini zikarudishwa baada ya miji kuoza. Mwaka 1996 Jiji likavunjwa, tukapewa Tume ya Keenja, yaani tume ya kuliendesha Jiji, na 2000 zikaja manispaa tatu. Baadaye zikawa tano, na 2021 Jiji likavunjwa tena, Ilala ikawa ndiyo Jiji. Vibao vimepakwa rangi mara ngapi! Hela ya rangi hiyo ingezibua mifereji mingapi?

Hela hakuna? Tangu 2021 ukinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mtasema hiyo haiji moja kwa moja kwenye halmashauri. Haya, basi madiwani waidai irudi, hiyo si kazi yao?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kwa kifupi: vikundi vya vijana wenye maguta ya taka vipewe kabla ya kikundi cha tano cha kuku kwenye mtaa mmoja. Machinga na zahanati, tuache, hayo ni mhadhara mwingine.

Ombi langu kwa watendaji ni dogo. Kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, pale panapobandikwa matangazo ya misiba na viwanja, bandikeni karatasi moja: gari la taka linapita siku gani, ada ni kiasi gani, mkandarasi ni nani na namba yake ya simu ni ipi. Na kwenye mkutano mkuu wa mtaa, mkandarasi aitwe, akae mbele, asomewe siku ambazo hakuja.

Maswali. Yule mama wa nyuma kanyoosha mkono tangu kwenye kutapisha vyoo, na naona hajafurahi. Mpeni kipaza sauti.