Mungu Mwenye Haki, au Maumbile Tu?

Zuhura: Assalaam alaykum, karibuni tena, wa Mombasa na wa kwingineko. Kaka Salim, wiki nzima huna neno ila Spinoza. Mtoe leo, watu wamsikie.

Salim: Baruch Spinoza, mwanafalsafa, Myahudi wa Amsterdam, kazaliwa 1632. Jumuiya yake ilimtenga mwaka 1656, kijana wa miaka 23, akaishi kwa kusaga lenzi. Kitabu chake kikuu, Ethica, kilichapishwa 1677, yeye keshakufa. Asemalo ni zito: Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Hakuna mfalme aliyekaa pembeni akigawa thawabu na adhabu. Kila litokealo lina sababu yake, na halikuwa na budi kutokea.

Zuhura: Mungu asiyenisikia nikimwomba, ni Mungu wa nani huyo?

Salim: Alimtosha Einstein, yule mwanafizikia. Mwaka 1929 rabi mmoja wa New York alimpigia simu ya maandishi kumuuliza kama anamwamini Mungu. Akajibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayeonekana katika mpangilio wa ulimwengu, si anayejishughulisha na majaaliwa na matendo ya wanadamu.

Zuhura: Haya, tutoke Ulaya, twende Mtongwe, kivuko cha Mombasa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka, wakafa watu 272. Mwambie mama aliyefiwa siku ile kwamba halikuwa na budi.

Salim: Matangani sitamwambia hivyo, dada. Lakini mfano wa Spinoza mwenyewe waingia papo hapo. Jiwe limeanguka kutoka paani, likamuua mtu. Kwa nini? Upepo ulivuma. Kwa nini ulivuma saa ile? Bahari ilikuwa imechafuka. Na yeye kwa nini alipita pale? Alialikwa. Maswali hayaishi mpaka mtu akimbilie mapenzi ya Mungu, na hapo Spinoza alipaita kimbilio la wasiojua. Sasa, feri ile ilijaza watu kupita kiasi. Chombo kilichozidiwa, uzito ukilalia upande mmoja, hupinduka, wawemo wachamungu wawemo wezi. Ukisema ni kazi ya Mungu ukanyamaza, aliyewajaza watu amepona.

Zuhura: Hapo niko nawe, tena kwa uchungu. Kumsingizia Mungu uzembe wa watu kwaniudhi kama muumini. Lakini jisikilize: umesema "amepona", na sauti imekupanda. Maumbile hayana hasira, wala maji hayajui nani kadhulumiwa. Haki hiyo unayoidai umeitoa wapi?

Salim: Kwetu sisi. Watu ndio waihitajio, na watu ndio waijengao.

Zuhura: Na wale 272? Haki ya mahakama haiwafikii tena walipo. Mimi naamini iko siku watasikizwa, siku ambayo hata uzito wa chembe hauachwi. Sisemi hivyo ili nikwepe kuuliza nani aliwajaza. Nauliza yote mawili.

Salim: Wayapatanishaje? Imam Ghazali, aliyefariki 1111, alisema pamba ikigusana na moto, si moto unaounguza. Mungu ndiye aumbaye kule kuungua, kila mara. Ukimfuata yeye, feri haikuzama kwa uzito.

Zuhura: Na Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki 1198, akamjibu: ukiviondolea vitu sababu zake, umeiondoa na elimu. Mimi niko na Ibn Rushd. Moto waunguza kwa tabia uliyoumbwa nayo, na chombo kikizidiwa chazama. Ndiyo maana naweza kumhoji mwenye chombo, kisha nikaenda kuswali, na moyo wangu usigawanyike.

Salim: Basi tumebakiwa na jambo moja. Wewe wasema nyuma ya tabia hiyo yuko akujuaye.

Zuhura: Anijuaye, na aliyemjua kila mmoja wao. Nikiliondoa hilo, dua yangu makaburini naipeleka kwa nani?

Salim: Mimi huitikia amina pale, na ni kweli kutoka moyoni, kwa kuwapenda walio chini na walio juu. Lakini Spinoza ana neno sijaweza kulitua: ampendaye Mungu hawezi kutaka Mungu naye ampende.

Zuhura: Ni neno kubwa, nami nalikataa. Mimi nataka kupendwa.

Salim: Haya. Wiki ijayo tuanze na Ibn Rushd, tumpe saa yake nzima.